Vyumba Arobaini na Kimoja vya Ilevelo

Kifuniko cha birika kilianza kugongagonga kabla jogoo wa jirani hajafumbua jicho. Velonika Ngailo alikuwa ameinjika maji kisha akarudi kitandani kupasha miguu moto, kama wafanyavyo watu wa nyanda za juu mwezi wa saba, umande unapoganda juu ya majani ya viazi na kuyaunguza. Alikisikiliza kile kifuniko kikicheza mpaka mvuke ukakishinda, kikaanguka. Ndipo akaamka. Hakuwa na hamu ya kuamka. Jana yake jioni palibandikwa tangazo kwenye mlango wa ofisi, na tangazo hilo lilimnyima usingizi.

Tangazo lilisema Ghala linahama.

Ghala lilijengwa kule juu, kando ya kijiji cha Ilevelo, kwa sababu moja tu: mashine zake hutoa joto kama tanuri la matofali, na baridi ya Ilevelo haina bei. Ndani yake waliishi, kama kuishi ndilo neno, watu waliochukuliwa na homa ya kijivu miaka kumi na tisa iliyopita. Homa ile haikuwa na dawa. Hospitali ilichoweza ni kumlaza mgonjwa chini ya mashine siku zake za mwisho, ikanakili sauti yake, kumbukumbu zake, namna yake ya kufikiri na kukasirika na kucheka, ikavihifadhi vyote vipande vipande. Mwili ukazikwa, na mtu mwenyewe, walisema, "amewekwa". Mara moja kwa mwezi ndugu yake aliruhusiwa saa nzima katika kibanda cha ziara. Alipiga hodi mbele ya kioo, na vile vipande vikakusanyika vikamjibu.

Kazi ya Velonika ilikuwa orodha. Kila asubuhi aliitoa, akaibandika kwenye ubao wa lango, na watu waliokuwa wakipita kwenda shambani walisimama wakapitisha kidole mpaka kwenye jina lao. "Yumo," walisema, wakatweka majembe begani wakaendelea na safari. Walimwita Mama Orodha, hata wale waliojua kwamba hakujaliwa mtoto. Na masika, barabara ilipokatika, ni wao waliomletea kuni mpaka mlangoni bila kuombwa.

Asubuhi ile alikaa mbele ya kompyuta akiwa bado na sweta mbili, akaandika mstari ule ule aliouandika kwa miaka kumi na tisa.

Mgeni akiingia Ghala kwa mara ya kwanza huuliza: vyumba viko wapi? Havipo. Kuna sakafu moja tu, pana kupita mawazo, na juu yake mamilioni ya vipande vimetawanyika, kila kimoja na jina lake refu. Kicheko kimojawapo cha msichana aitwaye Lusia Mahenge, kwa mfano, kiliwahi kuitwa ilevelo/mahenge-lusia/kicheko-0412. Kile kimstari kilichoinama, ambacho mafundi hukiita mkwaju, ndicho kinachowafanya watu waamini kwamba kuna kijiji, na ndani ya kijiji kuna chumba, na ndani ya chumba kuna kicheko. Programu ya Velonika iliiambia mashine: nisomee kila jina linaloanza na ilevelo/, ukiufikia mkwaju unaofuata kata hapo, na yale yanayofanana yaunganishe yawe moja. Mashine ilipita juu ya majina yote, ikakata, ikaunganisha, ikarudisha orodha ya vyumba. Chumba kilikuwa kivuli cha majina. Kikibaki kipande kimoja, hata kikohozi, chumba kimo kwenye orodha. Kikiondoka cha mwisho, chumba hakibomoki wala hakifungwi. Kinakuwa kama hakikuwahi kuwapo.

Orodha ilitoka: vyumba elfu moja na thelathini na saba.

Velonika aliitazama hesabu hiyo kwa muda mrefu. Tangazo lilikuwa limesema Ghala Jipya litapokea vyumba elfu moja kwa kila kijiji, kwa kufuata mpangilio wa orodha. Mashine yenyewe ndivyo ilivyozoea: husoma elfu moja kwa mkupuo, halafu hukupa tiketi ya kuombea vinavyofuata. Waliopanga safari walikuwa wameamua kwamba tiketi haitaombwa.

*

Bwana Luoga, msimamizi wa Ghala, alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya upole, na ofisini mwake mlikuwa na kiti kimoja tu chenye mto. Kila mgeni alipewa kiti hicho, naye akakalia kreti.

"Kamwene, Bwana Luoga."

"Kamwene, Mama Orodha. Kaa, kaa hapo karibu na hita. Vidole vimekuwa vya bluu hivyo, unataka tukuweke na wewe?"

Velonika alicheka kidogo kwa adabu. Luoga akammiminia chai.

"Nimekuja kwa ajili ya hawa thelathini na saba wa mwisho," Velonika alisema. "Kuanzia kina Swalo mpaka kina Tweve. Wameachwa kwa sababu ya herufi tu."

"Najua. Nimeandika barua nne kabla tangazo halijabandikwa. Nimejibiwa mstari mmoja."

"Mstari huo unasemaje?"

"'Elfu ni elfu.'" Luoga alishika kikombe chake kwa mikono miwili. "Hawajali chumba kina vipande vingapi. Kila chumba kimetengewa nafasi yake, ukubwa sawa, basi. Mashine itasoma orodha kesho saa nne asubuhi, itabeba elfu moja, na jioni umeme wa mashine za hapa unakatwa."

"Na watakaobaki?"

"Mama Orodha, usinitake nilitamke."

Walikunywa chai. Velonika aliuliza, akitazama ndani ya kikombe, "Je, kama kungekuwa na vyumba vitupu? Vimechukua nafasi bure?"

Luoga alitabasamu kwa huzuni. "Kitupu kitoke wapi? Chumba kitupu hakionekani kwenye orodha. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha hilo, wiki yangu ya kwanza hapa."

Velonika alikiweka kikombe chini, chai haijaisha.

*

Maana vitupu vilikuwapo, arobaini na kimoja, na aliyevitengeneza ni yeye.

Miaka sita nyuma, kabati la saba la mashine liliungua. Ulikuwa moto mdogo, haukufika hata darini, na mafundi waliuzima kwa blanketi. Lakini asubuhi yake orodha ilitoka fupi. Watu arobaini na mmoja walikuwa wamepoteza kila kipande, na kwa hiyo hapakuwa na pengo wala alama. Majina yao yaliruka tu, kama maji yanavyofunika mahali jiwe lilipozama. Velonika alikuwa ameishika karatasi mkononi, akielekea langoni, alipomwona Bibi Ezelina Mahenge amekwisha kufika, amejifunga blanketi, anamsubiri. Bibi yule alikuwa na mtoto mmoja tu aliyewekwa, Lusia, na alitembea saa tatu kwa miguu kuja kumwona. Siku hiyo alikuwa amembebea Velonika viazi vya kuchemsha ndani ya kitambaa, bado vina moto.

Velonika alirudi ndani. Aliandika kipande kisicho na kitu ndani yake, jina tupu lenye uzito wa sifuri: ilevelo/mahenge-lusia/ na baada ya mkwaju, hakuna kitu. Akaitoa orodha upya. Lusia alikuwamo. Basi akawafanyia hivyo na wale arobaini wengine, kwa sababu hakuona ni kwa haki gani amfanyie mmoja.

Alidhani itagundulika kabla mwezi haujaisha. Lakini kioo cha ziara kilikuwa kimefundishwa tangu zamani kwamba chumba kikiwa kwenye orodha na sauti isipopatikana, kiandike: Amelala. Na watu wa Ilevelo wana desturi yao. Mgonjwa akilala haamshwi. Mwenye adabu hukaa kitako, akasema yake kwa sauti ya chini, akaacha alichobeba, akaondoka. Kwa miaka sita familia arobaini na moja zilikuja, zikakaa kitako, zikanong'ona, zikaenda zao. Hakuna hata mmoja aliyeomba ndugu yake aamshwe.

Sasa Velonika alifungua chumba kimoja kimoja cha wale thelathini na saba wa mwisho, akahesabu vipande vyao. Wote walikuwa wazima. Tweve Obadia, vipande elfu hamsini na mbili, alitembelewa mwezi uliopita na mabinti zake wawili. Swalo Yeremia, fundi viatu, vipande elfu sitini na moja, hakuna kilichopungua kwake hata kimoja. Kwenye safu ya ziara, tangu siku alipowekwa, palikuwa na sifuri.

Hesabu haikuhitaji programu. Akiviondoa vile vitupu arobaini na kimoja, watabaki mia tisa tisini na sita, na wote watapata nafasi. Asipoviondoa, majina matupu yatasafiri, na watu watazimwa jioni pamoja na mashine.

*

Ilikuwa siku ya ziara ya Bibi Ezelina. Alifika saa saba mchana, akampa mlinzi salamu ndefu, akavua viatu mlangoni ingawa hakuna aliyemwambia avue. Kibanda kilikuwa na stuli moja na kioo. Kioo kiliandika: Amelala.

"Leo naona amelala fofofo," bibi alinong'ona, akamgeukia Velonika aliyesimama mlangoni. "Ingia, Mama Orodha, baridi hiyo. Nilikuwa namwambia ng'ombe amezaa. Jike."

"Bibi."

"Sema pole pole."

"Bibi, hakuna haja ya kusema pole pole. Lusia hayumo."

"Ameamka?" Uso wa bibi ulifunguka wote.

Velonika alipiga magoti kwenye saruji, kwa kuwa hakuweza kulisema neno lile akiwa amesimama juu ya mtu mzima. "Hayumo, Bibi. Kabati lilipoungua mwaka ule, vipande vyake vyote viliungua. Hata kimoja hakikubaki. Hilo unaloliona kwenye ubao ni jina tu, mimi nililiandika. Ndani yake hamna kitu."

Bibi Ezelina alikitazama kioo, akamtazama yeye, akakitazama kioo tena. "Mwaka ule," alisema. "Kwani huo ni mwaka gani?"

"Miaka sita sasa."

"Miaka sita." Alikuwa bado ananong'ona, kwa mazoea. "Baba yake alipokufa nilikuja hapa kumpa habari. Unakumbuka? Wewe ndiye uliyenishika mkono kuingia. Nilijiziba kinywa na khanga, nikalia hivyo hivyo, nisimwamshe. Nilijing'ata mkono, Mama Orodha. Kumbe hapakuwa na mtu wa kumwamsha."

"Nilikuhurumia, Bibi. Ulikuja na viazi, nikashindwa."

"Hukunihurumia mimi." Sasa sauti ilipanda, na mlinzi nje akageuza kichwa. "Ulijihurumia wewe! Hukutaka kuniona nikilia, ndiyo maana. Ungeniacha nilie siku ile, leo ningekuwa nimenyamaza. Nani sasa atanirudishia kilio changu? Nina miaka sabini na tisa. Nitakianza leo?"

Velonika alibaki amepiga magoti. Akiwa hivyo alimweleza habari za kuhama, za elfu moja, za kina Swalo na kina Tweve. Alieleza polepole, akirudia penye ugumu, na bibi alisikiliza, maana alikuwa mtu wa kusikiliza hata akiwa na hasira.

"Hao thelathini na saba wanajibu wakiitwa?"

"Wanajibu."

"Na ili waende, jina la mwanangu liondoke."

"Lake na mengine arobaini."

"Na sasa unataka niseme ndiyo."

"Ningependa useme, Bibi."

"Sisemi." Bibi Ezelina alitikisa kichwa. "Mzigo huu uliufunga mwenyewe, na kamba ulisokota mwenyewe. Usinitwishe. Ukiniuliza mimi, mama yake, nitakwambia jina la Lusia libaki, na hao wengine wafe mara ya pili. Ndivyo nitakavyosema, na nitaona haya mpaka kaburini. Kwa hiyo usiniulize. Na hao wengine arobaini usiende kuwauliza. Ni ukatili kumwuliza mtu jambo kama hilo."

Upepo ulipita chini ya mlango. Kioo kiliendelea kuandika: Amelala.

"Ukiliondoa, atasikia?"

"Hakuna wa kusikia, Bibi."

"Liondoe mimi nikiwa hapa. Hata kama ni jina. Lisiondoke peke yake."

Kwenye ukuta wa kibanda kulikuwa na kibodi ndogo ya mafundi. Velonika aliandika jina lile lenye uzito wa sifuri, akaamuru lifutwe. Mashine haikuuliza mara mbili. Kufuta kitu kitupu si jambo kwake. Alipoomba orodha, ilitoka mahenge-lameki ikaingia mahenge-malita bila kuvuta pumzi. Kioo kilizimika.

Bibi Ezelina alikaa mbele ya kioo cheusi akiwa amefumbata mikono. Alimaliza saa yake yote, dakika hata moja haikupungua. Kisha alisimama, akavaa viatu, akapita mbele ya Velonika bila kumgusa. Langoni alimwona mlinzi akitetemeka kwa baridi, akafungua kitambaa akampa viazi vyote. Velonika hakupewa, na aliona ni haki.

*

Mchana uliobaki alifuta arobaini. Aliyasoma majina kwa sauti kabla ya kuyafuta. Aliwakumbuka wengi wao kwa wageni wao: yule ambaye mumewe alikuja na redio ili amsikilizishe taarifa ya habari, yule ambaye dada zake walikuja watatu, wakikaa kwa zamu kwenye stuli moja, yule ambaye mama yake alifuta kioo kwa ncha ya kitenge kabla ya kuketi, kila mwezi, kama anayefuta uso wa mtoto. Ilikuwa kazi ya dakika kumi. Ilimchukua mpaka jua likazama.

Alipokwenda kwa Bwana Luoga, alikataa kiti chenye mto. Alisimulia yote, mwanzo mpaka mwisho. Luoga hakumkatiza.

"Ungeniambia asubuhi ningekuzuia," alisema mwishowe. "Ningepeleka swali juu. Juu wangeunda kamati. Kesho saa nne ingefika kamati bado inakunywa soda."

"Ndiyo maana sikukwambia."

"Ulilofanya miaka sita iliyopita ni kosa. La leo nalo ni kosa. Umefuta bila idhini. Mimi sina namna, utaachishwa, na hutaingia Ghala lolote tena maisha yako. Hata kibanda cha ziara. Unalielewa hilo?"

"Nalielewa."

Luoga alivuta karatasi, akashika kalamu, akasita. "Lakini naweza kuandika hitilafu. Kuhama kuna hitilafu. Naziandikia familia arobaini na moja kwamba vipande vilipotea njiani. Watalia, watatulia. Jina lako halitajwi." Alisema hivyo kwa wema kabisa, na macho yake yalikuwa mekundu.

Velonika aliutazama wema ule akaufahamu. Alikuwa ameishi nao miaka sita.

"Andika jina langu," alisema. "Na mwaka wa moto. Uandike kwamba walikuwa wakizungumza na jina tupu, na kwamba mimi nilijua."

"Watakuchukia."

"Wana haki ya kujua wamchukie nani."

Asubuhi iliyofuata aliibandika orodha yake ya mwisho kwenye ubao. Watu walikuja na majembe yao. Mzee mmoja alipitisha kidole chini, akakirudisha juu, akakishusha tena. Akamwita kijana wake amsomee, akidhani ni macho yake. Velonika hakuingia ndani. Alisimama kando ya ubao akawaambia kwa mdomo wake, kabla barua hazijawafikia. Mwanamke mmoja alitema mate chini. Mwingine, mmoja wa wale dada watatu, aliuliza tu, "Na wetu?" Velonika akasema, "Na wenu." Basi wakaondoka, na waliokuwa wakienda shambani hawakwenda shambani. Hakuna aliyepaza sauti. Ingekuwa nafuu kama wangepaza.

Saa nne mashine ilisoma orodha. Iliona mia tisa tisini na sita, ikabeba wote, na tiketi haikuhitajika.

*

"Dakika kumi," Luoga alimwambia jioni, akitazama pembeni. "Vibanda vimeunganishwa na Ghala Jipya. Mtu lazima ajaribu kimoja, aone kama wamefika salama. Sijaambiwa mtu huyo awe nani. Ukitoka humo, unipe kitambulisho chako."

Velonika alikwenda kibanda cha mwisho, akaketi kwenye stuli. Aliandika: swalo-yeremia. Kisha akasema kile ambacho hakuwahi kukisema pale kwa miaka yote, kwa kuwa hakuwa na mtu wake ndani.

"Hodi."

Vipande elfu sitini na moja vilichukua muda kukusanyika. Halafu sauti ya mzee, ya mtu aliyekurupuka, ilijibu.

"Karibu! Karibu ndani. Samahani, nilisinzia kidogo. Nani mwenzangu?"

"Naitwa Velonika, Mzee."

"Velonika wa nani?"

"Wa Ngailo."

"Ngailo wa mtoni au wa kilimani?"

"Wa kilimani."

"Aa! Baba yako nilimshonea viatu. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mkubwa kuliko wa kulia, na hakutaka watu wajue. Kila mara ananong'ona, 'Fundi, usisahau lile jambo letu.'" Mzee alicheka, na kicheko chake kilikuwa kizima, hakikukatika mahali popote. "Hajambo?"

"Alikwisha kufariki, Mzee. Zamani."

"Pole, mwanangu. Mbona sikusikia msiba?" Akashusha sauti. "Na mke wangu je, humkuti hapo nje? Alisema anarudi nyumbani kuchukua shuka, anakuja. Nadhani amechelewa. Au amenikasirikia."

Velonika alishika kingo za stuli. Neno lilikuwa tayari mdomoni, dogo, laini, jepesi kuliko yote aliyowahi kuyaandika: yuko njiani. Lingemtosha mzee yule. Mwanadamu anayesinzia kati ya mgeni na mgeni angeweza kulilalia neno hilo miaka mia.

"Hakukukasirikia," alisema. "Alishikwa na homa akiwa njiani kurudi kwako, shuka ziko mkononi. Alifariki wiki ile ile. Mashine haikumwahi, hakuwekwa. Ni miaka kumi na tisa, Mzee Yeremia."

Velonika alitazama kioo, akiogopa kitaandika amelala. Hakikuandika.

"Shuka ziko mkononi," mzee alisema mwishowe.

"Ndiyo. Nimesoma kwenye kumbukumbu za hospitali."

"Alikuwa anakuja, basi."

"Alikuwa anakuja."

"Miaka kumi na tisa nimemwekea kinyongo." Alipumua, au kile kipande kilichokuwa pumzi yake kilipita. "Wewe ni mtu wa kwanza kupiga hodi hapa. Ulijua?"

"Nilijua. Nilikuwa nikiona sifuri yako kila mwaka. Ningeweza kuja, sikuja. Niliona si mtu wangu."

"Si neno. Umekuja leo." Nje, mlinzi aligonga ukuta mara mbili, taratibu, kuonyesha muda umekwisha. Mzee alisikia ukuta ukigongwa. "Wanakuita. Nenda, usije ukafungiwa. Utakuja kesho? Unisimulie nani yupo na nani hayupo. Nianze kulia kwa mpangilio."

"Sitaweza kesho, Mzee."

"Kesho kutwa, basi."

"Wala kesho kutwa. Nilifanya kosa hapa. Nimekatazwa kuingia, milele."

Alisubiri mzee aulize ni kosa gani, na alikuwa tayari kumwambia. Lakini mzee hakuuliza. Alikuwa na adabu ya watu wa zamani, ambao hawamwulizi mgeni kosa lake akiwa ameshasimama mlangoni.

"Haya, mimi sikupangii siku," alisema. "Hao waliokukataza nao watazeeka, watasahau. Siku yoyote ukipita huku, hata ukiwa na haraka, hata ukiwa na mzigo kichwani, wewe piga hodi tu. Mimi nipo. Uje tena, mwanangu. Unasikia? Uje tena unitembelee."